Punje ya Njahi Mfukoni mwa Koti

Nakumbuka asubuhi moja ya Alhamisi, mwanangu, ukungu umelala juu ya kilima chetu cha Gatitu hata bendera ya shule haionekani, nami nimesimama mbele ya watoto wa darasa la kwanza nikiwaamuru wapindue mifuko yao. Nilikuwa na miaka ishirini. Nilikuwa na koti la sufu la kijivu, sauti kali, na wivu mkubwa moyoni. Nakwambia mapema ili usije ukanipenda bure: katika kisa hiki mimi si mtu mwema.

Ngoja nikurudishe nyuma kidogo, maana mzee akianzia katikati huwachosha wasikilizaji.

Ilikuwa miaka ya kwanza ya uhuru. Kila kilima kilitaka shule yake na walimu hawakutosha, basi sisi tuliopita vizuri mtihani wa darasa la nane tulipewa chaki tukaambiwa tufundishe. Cheti hatukuwa nacho. Mshahara wetu ulikuwa mdogo, na kila mwisho wa mwaka ungeweza kuambiwa kwaheri, mwenye cheti amepatikana. Shuleni kwetu tulikuwa wawili wa namna hiyo: mimi, Nyawira, mwenye darasa la kwanza A, na Muthoni, mwenye darasa la kwanza B.

Muthoni alikuwa rafiki yangu tangu tulipokuwa tukiteka maji pamoja mtoni. Baba yangu alikuwa na duka. Yeye hakuwa na baba. Mimi nilikuwa na jozi mbili za viatu, vya kazi na vya kanisa. Yeye alikuwa na jozi moja tu, na mvua ikinyesha alivivua akavibeba kwapani visiharibike. Sasa utaniuliza, mwenye duka atamwonea nini wivu asiye na kitu? Mwanangu, wivu hausomi hesabu. Watoto wa darasa lake walimlaki njiani wakigombania kumbebea kikapu. Wangu waliniona kwa mbali wakakaa kimya. Hiyo tu ndiyo iliyokuwa ikinitafuna.

Siku moja mwalimu mkuu, Bwana Wafula, mtu wa kutoka magharibi mwa nchi, aliyekuwa mpole lakini asiyependa maneno mengi, alituita ofisini sote wawili.

"Nyinyi wasichana, sikizeni," alisema. "Chuo cha walimu kimetupatia nafasi moja. Moja tu. Mkaguzi anakuja Alhamisi ya wiki ijayo, na yeye ndiye atachagua. Kila mtu atafundisha darasa yake neno moja la Kiingereza, na ni hiyo hiyo kwa nyinyi wote, ndio mtu asiseme mwingine amependelewa."

Akaandika neno hilo kwenye karatasi: *keep*.

Tulitoka nje tukatazamana. Lazima ujue jinsi tulivyofundisha siku zile. Mkaguzi akiwa darasani, Kikuyu hakikuruhusiwa hata kidogo, wala Kiswahili. Ulifundisha kitenzi kwa kukitenda. Ukitaka watoto wajue *open*, unafungua mlango. Ukitaka *run*, unakimbia, na sketi yako ikipanda ni shauri yako. Lakini *keep*? Maana yake ni kutunza, kuhifadhi, kuwa na kitu na kukaa nacho. Mtu anayetunza kitu hafanyi lolote la kuonekana. Utakitenda vipi?

Mimi nilijaribu na watoto wangu siku ya Ijumaa. Nikachukua chaki, nikaiweka ndani ya droo, nikafunga. "*I keep the chalk in the drawer*," nikasema. Watoto wakaitikia kwa sauti moja, "*Put!*" Nikafungua, nikaiweka tena polepole, kana kwamba upole ndio uliopungua. "*Put!*" wakasema, safari hii kwa furaha zaidi. Nilikaribia kulia.

Jumatatu Muthoni alinikuta jikoni kwa walimu, akafungua leso yake. Ndani mlikuwa na njahi, yale maharagwe meusi yenye mstari mweupe ambayo kwetu hupikiwa mama aliyejifungua. Zilikuwa zinang'aa kama zimepakwa mafuta.

"Mama amenipatia mbegu yake," alisema kwa kunong'ona. "Leo nitapatia kila mtoto moja. Nitawaambia *keep*, basi, sitasema kitu ingine. Alhamisi mkaguzi akiwa hapo nitauliza, na kila mtu atatoa yake. Ndio wataona *keep* ni nini. Ni kukaa nayo mpaka mwenyewe aulize."

Nilijua palepale kwamba amenishinda. Kuweka kunaisha ukiondoa mkono. Kutunza ndiko kunakoanzia hapo, na yeye alikuwa amegundua kwamba neno lile halifundishwi kwa mkono bali kwa siku. Mimi nilikuwa na droo.

"Na mama yako?" nikauliza, kwa sababu ilinibidi niseme kitu. "Atapanda nini?"

"Zitarudi Alhamisi jioni. Mvua bado wiki moja." Akacheka, akachukua punje moja akaiweka kiganjani mwangu, akanifunga vidole. "Shika na wewe. Nikikosa kusikia kwa watoto, nitakuuliza wewe. Wewe ni mwalimu, huwezi kupoteza."

Nikaitia katika mfuko wa koti.

Siku tatu zile ziliniunguza. Kila nilipopita uwanjani niliona watoto wake wamekaa makundi makundi wakionyeshana njahi. Mmoja alikuwa ameifunga kwenye pindo la gauni. Mwingine aliitia katika kikopo cha tumbaku cha babu yake. "*I keep*," waliambiana, "*you keep*," na hakuna aliyekuwa amewaambia waseme. Jumatano mtoto wa darasa langu mwenyewe akanishika sketi: "Mwalimu, na sisi tutapewa lini?" Nilimfokea aende akanawe uso, na uso wake ulikuwa safi. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Changu kilikuwa nguoni hasa, kikiwa na mstari mweupe.

Basi ndiyo hiyo Alhamisi. Juma lile zamu ya ukaguzi wa usafi ilikuwa yangu: kucha, masikio, nywele, mifuko. Muthoni alikuwa ametumwa na mwalimu mkuu barabarani kumpokea mgeni. Sikupanga, mwanangu, naapa. Lakini nilipowaona watoto wake wamepanga mstari, wengine wameshika mifuko, wengine wamefumba mkono, shetani alinipa maneno yakiwa tayari yamepikwa.

"Mgeni anakuja," nikasema. "Sitaki takataka mfukoni mwa mtu. Pindueni. Tupeni yote."

Hawakuelewa. Kulikuwa na msichana mmoja mdogo mbele, Wangeci, aliyefumba ngumi kwa nguvu. Nikamuuliza ni nini hicho. Akanitazama, akasema kwa Kiingereza chake cha siku tatu: "*Teacher, I keep.*"

"Tupa," nikasema.

Akatupa, na wengine wakafuata. Kuku wa mwalimu mkuu walikuwa wakizunguka pale kama kawaida yao, wakaanza kudonoa. Kabla kengele ya pili haijalia, mbegu ya mama yake Muthoni ilikuwa imekwisha, na mimi nilikuwa nimefanya kazi yangu ya zamu, na hapakuwa na mtu duniani ambaye angeweza kunishtaki. Wivu hupenda sana kuvaa sare ya kazi. Jihadhari nao ukiwa na cheo, hata kama ni cheo cha kukagua kucha.

Somo langu lilitangulia, Muthoni akilitazama pamoja na mgeni kabla hajaonana na watoto wake. Chaki, droo. Watoto walikuwa wamekaririshwa, wakasema *keep*, ingawa mmoja nyuma aliteleza akasema *put*. Mkaguzi, mtu mnene wa Murang'a mwenye miwani, akaandika kitu kifupi. Kisha tukahamia darasa la B. Mimi, mwalimu mkuu na mkaguzi tuliketi kwenye benchi la nyuma.

Muthoni alikuwa amependeza siku ile. Alisimama mbele akatabasamu, akanyoosha mkono. "*On Monday I gave you a bean*," alisema. "*Did you keep it? Show me.*"

Mikono yote ikainuka, ikafunguka. Mitupu.

Sitasahau sura yake. Hakukasirika, alishangaa tu, kama mtu aliyekanyaga ngazi isiyokuwapo. Akauliza tena. Watoto walitaka kumwambia, nawe ungeviona vinywa vyao vikifunguka na kufungika, lakini Kikuyu kilikatazwa na Kiingereza cha kusema "tuliambiwa tutupe" hawakuwa nacho. Wangeci akaanza kulia. Kisha wote, darasa zima, wakageuka wakanitazama mimi.

Muthoni akafuata macho yao. Na je, mwanangu, alielewa nini? Alielewa kwamba wanamkumbusha. Uso wake ukafunguka. Akaja mpaka katikati ya darasa, akasema kwa sauti ya furaha kabisa: "*Teacher Nyawira! I gave you a bean. Did you keep it?*"

Mkono wangu ulikuwa mfukoni mwa koti. Punje ilikuwa katikati ya vidole viwili. Niliisikia ilivyokuwa laini. Punje moja ingetosha. Ningeiinua, angesema "*Teacher Nyawira kept her bean*," watoto wangeshangilia, na somo lingesimama kwa miguu yake. Nafasi ya chuo ingekuwa yake. Nilijua hayo yote kwa muda wa kuvuta pumzi moja.

"*No*," nikasema. "*I did not keep it.*"

Mkaguzi akaandika.

Jioni ile nafasi ikawa yangu. Muthoni alikuwa ameshasikia habari za kuku kwa watoto wake. Alinikuta langoni, amebeba viatu kwapani, nikajiandaa kwa matusi. Nilikuwa na majibu yangu: zamu, usafi, mgeni. Hakuniuliza habari ya chuo.

"Sasa nitaambia mama nini?" alisema. "Hiyo ndiyo mbegu alikuwa nayo."

Akaenda zake. Ningependa kukwambia nilimkimbilia. Nilisimama nikamwonea wivu hata kwa kutonitukana.

Jumamosi cucu yangu, mama yake baba, alikuwa anashona mfuko wa koti langu uliochanika. Tulikuwa jikoni kwake, chini ya itara, ile dari ya fito juu ya moto ambapo aliweka kuni zikauke na vibuyu vyake vya mbegu. Akaingiza vidole, akaitoa ile punje, akaipeleka mlangoni kwenye mwanga.

"Hii si njahi ya nyumba hii," alisema. "Yetu ni kubwa. Hii ni ya mama yake Muthoni. Imefikaje kwa koti yako?"

Cucu alikuwa mtu ambaye hungeweza kumdanganya. Alikuwa amezika watoto wanne na kuishi katika kijiji kilichozungushiwa handaki wakati wa hali ya hatari ya wakoloni; uwongo wa msichana ungemfanya nini? Nikamweleza yote. Alimaliza kushona, akakata uzi kwa meno.

"Sikiza, Nyawira. Mtu akikuwekesha mbegu, hajakupatia punje. Amekupatia shamba yake ya mwaka ujao uishike. Sasa wewe unaenda chuo ukiwa umefunga shamba ya mtu kwa mfuko." Akaniwekea mkononi. "Rudisha leo, bado iko hai. Na umwambie ulikuwa nayo. Usingoje upate maneno mazuri."

"Kesho, cucu," nikasema.

"Mbegu haijui kesho," akasema, akarudi kwa chungu chake.

Alichukua kibuyu kimoja cha mbegu yake mwenyewe akampelekea mama yake Muthoni siku hiyohiyo, kwa miguu, ingawa goti lilikuwa likimsumbua. Hakunitaja. Mimi kesho yangu ikawa wiki, wiki ikawa safari ya chuo. Usisafirie nyota ya mwenzio, walisema wazee. Mimi niliisafiria, nikafika mbali, na kila nilipofika niliigusa punje kupitia kitambaa cha leso nilimoifunga, nikajiambia: angalau nimeitunza. Siku moja nitairudisha ikiwa nzima. Unaona jinsi moyo unavyojitengenezea sifa?

Miaka kumi na kitu ikapita. Nikawa mwalimu, kisha mkaguzi mimi mwenyewe, na miwani pia. Wakanituma Mwea, kwenye mashamba ya mpunga, kukagua kisomo cha ngumbaru, kile cha watu wazima. Dereva alinishusha kando ya mfereji, mbele ya ghala la mabati. Ndani wakulima walikuwa wamekaa juu ya magunia, wazee kwa vijana, matope yamewakaukia miguuni. Mwalimu wao alikuwa mwanamke mwembamba, hana viatu. Alikuwa ameolewa huko, mume wake ni mkulima wa mpunga. Alikuwa akifundisha bila cheti na bila mshahara wa maana. Nadhani ushamjua.

"*Last week I gave you rice*," alikuwa akisema. "*Did you keep it?*"

Wakulima wale wakaanza kufungua leso, vibweta, karatasi za sigara. Mzee mmoja asiye na meno aliinua punje yake ya mpunga juu kabisa. "*I kept it, teacher!*" alipaza sauti, na ghala zima likacheka na kupiga makofi.

Na mimi, mwanangu, mimi mwenye cheti, gari la serikali na dereva, nilisikia wivu uleule. Haukuwa umezeeka hata siku moja. Ndipo nilipojua kwamba chuo, cheo na gari havikuulisha ukashiba.

Somo lilipokwisha alinitambua, akanikumbatia kama dada. Hilo lilinimaliza. Nikafungua mkoba, nikatoa leso, nikaifungua mbele yake.

Aliigusa kwa ncha ya kidole. "Kumbe ulikuwa nayo?"

"Ilikuwa mfukoni."

"Ile siku? Nikikuuliza?"

"Ile siku."

Akakaa juu ya gunia. "Ile ya kuku nilikusamehea kitambo," alisema polepole. "Hiyo ni wivu, na nani hana? Lakini mimi niliuliza wewe kwa sababu nilijua wewe huwezi niangusha. Miaka yote nimekuwa nikisema, masikini Nyawira, ilimpotea na nikamwaibisha mbele ya mkaguzi. Nilikuwa nataka kukuomba msamaha."

Akaichukua punje akaitia kati ya meno, kama wanawake wanavyojaribu mbegu, akaiuma kidogo tu. Ikavunjika. Ndani hamkuwa na kitu ila unga wa kijivu. Vidudu walikuwa wameimaliza zamani, labda nikiwa bado chuoni, na ganda likabaki linang'aa vilevile. Akaitema mkononi, akaitupa nje mlangoni. Kuku mmoja akaja mbio, akaigeuza kwa mdomo, akaiacha akaenda.

"Hata kuku amekataa," Muthoni alisema. Akapangusa mikono kwa kitenge, akainuka. "Kuja unywe chai. Umetoka mbali."

Nikanywa chai yake, na ilikuwa tamu, na nililia ndani ya kikombe.

Basi sikiliza nasaha yangu, mwanangu, maana nimelipa ada yake. Mwenzako akikukabidhi kitu, kiwe mbegu, siri, mtoto, au jina lake zuri, usijisifu kwamba bado unacho. Anayetunza hujulikana siku ya kuulizwa. Ukiulizwa, inua mkono, hata kama kuinua huko kutampa yeye kile ulichokitaka wewe. Na wivu ukikujia, maana utakujia, usiuambie eti wewe si wangu. Ujue tu kwamba ukiulisha haushibi. Na kama umeshakosa, rudisha leo, maneno yakiwa bado mabaya mdomoni, maana majuto ni mjukuu, nami mjukuu huyo nimemlea hadi nikazeeka. Cucu aliniambia haya nikiwa na punje hai mkononi.

Haya, inama nikubariki. Mungu akupe rafiki atakayekuuliza mbele ya watu bila kukushuku. Akupe mkono mwepesi kufunguka. Na mvua ya kwanza ikinyesha, kila mbegu ya watu iwe imesharudi kwao.